Kipindi cha Hodo, Ukumbi Mkubwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nzau amenipa vipindi vya lugha mbili, na alivyonipa! Kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti anachojua kina mguu mbovu. "Wewe ni mwalimu, Nzilani. Hiyo mambo ya Kiswahili na Kikamba itakufaa." Kamati nzima ikacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Kongamano ni tarehe 13 na 14 Novemba, hapa Kitui mjini. Ni la watu wa Kitui na Makueni wanaotengeneza programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua, kuziangalia ndani na kuzirekebisha bila kuomba ruhusa. Nzau ndiye mwenyekiti. Tulisoma shule moja. Yeye akaenda Nairobi akarudi na koti na Kiingereza, mimi nikabaki nikifundisha kompyuta chuo cha ufundi.

Kati ya vipindi vyote kuna kimoja tu kinachoninyima raha, cha Hodo Abdiwahab. Nilimfundisha mwenyewe. Baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo, watu wa Garissa waliohamia Kitui yeye akiwa mdogo. Hodo ameandika programu ya simu inayoitwa Zizi. Mfugaji anaandikisha kila mbuzi, alama ya sikio, chanjo na ugonjwa, hata mahali pasipo na mtandao. Kazi safi. Lakini mpe Hodo maikrofoni na umwambie aseme Kiingereza mbele ya watu, anakauka.

Mwaka jana Nairobi alikauka mbele ya ukumbi mzima. Kijana mmoja akapanda jukwaani "kumsaidia", akamalizia kwa Kiingereza chake kitamu, na tangu siku hiyo Zizi inajulikana kuwa ni ya huyo kijana. Yeye ndiye anayealikwa, yeye ndiye anayeulizwa maswali. Hodo ameniambia, bila kulia wala kutania, kwamba Kitui ndiyo mara ya mwisho. Mtu mwingine akisimama tena mahali pake, anaiacha kazi hii na kwenda kukaa dukani kwa shangazi yake.

Nimemwahidi atasema mwenyewe, ukumbi mkubwa, kwa Kiswahili, na mkalimani wa Kikamba kando yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua kali. Barua pepe kumi na moja kutoka kwa Nzau, zote kuhusu rangi ya bango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Kilungu. Ameshapanda mbaazi na mahindi kwenye vumbi, kama afanyavyo kila mwaka, ili mvua ikianguka ikute mbegu ziko chini. Ameniuliza mkutano wetu ni lini. Nilipomwambia akashangaa, "Mwaitu, mama wee! Nani aliita watu mkutano wiki ya kupanda?"

Watu wa Nairobi ndio waliochagua tarehe, na Nzau akaitikia. Mkamba mzima na akili zake!

Jumanne, 14 Oktoba

Ratiba imetoka. Hodo amewekwa Ijumaa saa saba mchana.

Tulipotoka kwenye kikao Hodo akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo saa baba na wafugaji wetu wote watakuwa msikitini. Nitaongea na nani?"

Niliona haya. Kamati yetu imejaa wazee wa kanisa na walimu wa Sunday school, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Tusingempanga mtu Jumapili asubuhi hata kwa bunduki. Nilirudi kwa Nzau nikapigana hadi akanipa Alhamisi saa nane. Alihema kama nimemwomba figo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimefua, nimelala. Wingu dogo upande wa Makueni, likapotea.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimetamani kumpiga mtu wa kanisa.

Tulikuwa Nunguni, karibu na kwa Mama, kwa kipindi cha majaribio. Mkalimani niliyemtafuta ni Mwangangi, wa kanisa la Mama. Hakuna asiyemjua huko. Mhubiri mgeni akija, Mwangangi anasimama bega kwa bega naye. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Watu wakirudi nyumbani ni sauti ya Mwangangi wanayoikumbuka. Nikajiambia, nikimpata huyu nimeshinda.

Chumba cha nyuma ya kanisa kilijaa wakulima wa matunda. Hodo akaanza vizuri. "Nilianza kuandika Zizi kwa sababu ya ukame."

Mwangangi akavuta pumzi, akasema kwa Kikamba, "Wapendwa! Ukame ulipotupiga, Bwana Yesu akamfungulia dada huyu mlango!"

"Amina!"

Hodo akamtazama. Akaendelea, sauti imepungua kidogo. "Programu hii ni ya bure. Mtu yeyote anaweza kuibadilisha."

"Ni ya bure kama wokovu!" Mwangangi akapaza sauti. "Nani anataka kubadilishwa leo?" Na kabla sijainuka, mama mmoja alikuwa ameshainua mkono. Walipiga makofi. Walifurahi mno. Hodo alisema sentensi tano labda, Mwangangi akasema hamsini, na wakati wa maswali wote walimwelekea yeye. Mzee mmoja alimwuliza Mwangangi aliisomea wapi kazi hiyo ya kompyuta.

Hodo alikulia Kitui. Anasikia Kikamba kama mimi. Alifunga kompyuta yake, akatoka, nikamkuta amesimama kwenye ukungu, kitambaa amekikaza chini ya kidevu.

"Nairobi walinichukulia kazi, mwalimu," akasema. "Huyu ananichukulia hata Mungu."

Nilirudi ndani nikamfokea Mwangangi mbele ya watu, mtu mwenye umri wa kuwa mjomba wangu. Alishangaa kweli. "Lakini nimekosea wapi, mwalimu? Si umeona watu walifurahi? Mhubiri akilegea, mimi namwinua. Hiyo ndio kazi ya mkalimani."

"Yeye si mhubiri!"

"Na mbona alilegea?"

Jumapili, 26 Oktoba

Tulilala kwa Mama, Kilungu. Asubuhi Hodo alimsaidia Mama kuchambua mbegu zilizobaki, wakaelewana bila mimi.

Baada ya ibada Mwangangi akaja, bado ana tai. Hakuingia ndani, alisimama pale uani. "Dada Hodo, nimeomba radhi kwa Mungu, sasa naomba kwako. Nilikuwa najaribu kukubeba. Nionyeshe vile unataka."

Hodo akakung'uta mikono, akasema, "Nikisema moja, sema moja."

Wakafanya mazoezi hadi chai ya saa kumi. Hodo anasema moja, Mwangangi anasema moja na robo, anajikamata, anaanza upya. Jasho lilimtoka. Mikono ilikuwa ikipaa yenyewe, mpaka akaifunga mgongoni. "Kusema moja ni ngumu kuliko kuhubiri," akaniambia akiondoka. Mama alicheka hadi akakohoa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nzau amepata habari za Nunguni. Zilimfikia zikiwa zimeongezwa chumvi, nadhani kuna waliomwambia watu waliokoka.

"Main hall ni ya guests," alisema kwenye kikao. "Hodo nimempa hiyo saa, sawa. Wakulima na wafugaji wakijaa, kalimanieni watu wenu. Lakini kama hawako, huyo mkalimani anakalimania nani? Viti? Hiyo session nitachukua mimi. English, dakika twenty, tunamaliza."

"Na Hodo?"

"Atakaa mbele, tutam-introduce, watu watapiga makofi. Nzilani, si namfukuza."

Kamati ikakubali. Hodo alikuwa pale. Alikunja mfuko wake wa kompyuta polepole sana.

Sasa kila kitu kinategemea kama wakulima watakuja, nao watakuja kama mvua haijaanguka. Ikianguka kabla ya tarehe hiyo, hakuna mtu wa Kilungu wala Mwingi atakayeacha jembe kuja kusikiliza habari za simu. Hata mimi nisingekuja.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisa zima lilisimama kuomba mvua. Mchungaji alilia. Wamama walipiga magoti sakafuni na vitenge vyao vizuri.

Mimi nilifumba macho nikaomba isinyeshe. Bado, Baba, bado kidogo tu, hadi tarehe kumi na tano. Niliomba hivyo huku mbegu za mama yangu ziko kwenye vumbi. Nilipofumbua macho nilimwona mzee wa mbele bado ameinua mikono. Nilijichukia. Lakini sikuomba upya.

Jumatano, 5 Novemba

Jua. Mama hajapiga simu. Nami sijapiga.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda kuangalia ukumbi mkubwa, ule mpya wa kanisa la mjini. Mabati yameezekwa, dari bado. Nikamkuta Nzau peke yake mbele ya viti vitupu, anajifunza salamu za ufunguzi. Anasema sentensi moja ya Kiingereza, anairudia, anairudia tena, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilitaka kumtania. Aliponiona alikaa chini tu. "Unajua nilipoenda Nairobi mara ya kwanza kuongea, waliniiga," akasema. "Vile natamka. Mtu wa nyuma aliniiga na hall yote ikacheka. Mpaka leo nikishika mic nasikia hiyo kicheko."

"Sasa si ndio maana umwache Hodo aseme vile anajua?"

"Ndio maana siwezi. Wale guests wakija wakute kanisa na Kikamba, watacheka tena. Na mwaka ujao hawatarudi."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyu mtu mpaka Krismasi. Imenishinda, na imeniudhi kwamba imenishinda. Ni mwoga tu, kama Hodo, kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye ndiye mwenye ratiba.

Jumatatu, 10 Novemba

Mawingu. Joto la kuchemka. Mwangangi amenipigia kunijulisha kwamba amefanya mazoezi na mke wake wiki nzima: mke anasema moja, yeye anasema moja. Anasema nyumba imekuwa na amani ya ajabu.

Jumanne, 11 Novemba

Mawingu. Radi mbali, upande wa Makueni. Sikula.

Jumatano, 12 Novemba

Mama amepiga. Kware wameanza kufukua mbegu. Hakulalamika, alisema tu, halafu akaniambia niende na sweta kesho. Bado haijanyesha popote.

Alhamisi, 13 Novemba

Ni usiku sasa.

Walikuja. Wamama wa Kilungu walifika na basi la kukodi, wamevaa sare ya kikundi. Wafugaji wa Mwingi waliingia na fimbo zao, mzee Abdiwahab katikati, ndevu amezitia hina. Kufikia saa nane viti viliisha na watu wakasimama kando ya ukuta. Nzau alihesabu kwa macho, akanitazama, akainua mikono: haya, mmeshinda. Safu ya mbele walikaa wageni wa Nairobi na mzungu mmoja mrefu aliyekuwa akipepea uso kwa ratiba. Hewa ilikuwa nzito, hakuna hata upepo.

Hodo akasimama. Mwangangi kando yake, mikono mgongoni, ameikamata kabisa.

Alisema moja. Mwangangi akasema moja. Hodo akasema ya pili, na nikaona mabega yake yameshuka, yamepumzika. Aliwaonyesha mbuzi kwenye ukuta, alama ya sikio, tarehe ya chanjo. Akatania kwamba simu haisahau mbuzi wa mtu kama majirani wanavyosahau. Ukumbi ulicheka kwa Kiswahili, kisha ukacheka tena kwa Kikamba. Mama mmoja akauliza kama inaweza kuhesabu miembe. Hodo akasema, "Ndiyo, tukikaa mimi na wewe tuibadilishe." Nilikuwa nimesimama nyuma na nilianza kupumua.

Tone la kwanza lilipiga bati. Likafuata lingine. Kisha bati lote.

"Mbua!" mwanamke akapiga kelele kwa Kikamba. "Mbua!" Akapiga vigelegele, na wamama wote wakapokea. Viti vikaanguka. Mtu akaita kwamba mto ukijaa hawatafika nyumbani, na ni kweli, ile mito yetu ya mchanga inakuwa mikavu asubuhi na kufagia lori jioni. Wakatoka wakikimbia, wanacheka, wanashikana mikono, wengine wanalia. Wafugaji wakawafuata, mifugo yao iko nje sokoni. Mzee Abdiwahab alimwinulia binti yake mkono kutoka mlangoni, akaenda.

Nilikasirika. Naandika ukweli: watu walipokuwa wakimshukuru Mungu, mimi niliikasirikia mvua kama mtu. Halafu nikamkumbuka Mama, na machozi yakanitoka, na sikujua ni ya nini.

Ukumbi ukabaki na wageni wa mbele, wanafunzi wangu, walimu wachache na wazee watatu walioshindwa kukimbia. Hodo alifungua mdomo. Mwangangi naye, kwa sauti yake yote ile ya mahubiri. Hakuna kilichosikika. Bati lilikuwa linanguruma mpaka kifuani.

Nzau akafunga kifungo cha koti, akapanda jukwaani. Akanyoosha mkono kuomba maikrofoni.

Na Hodo akampa. Hilo ndilo lililoniuma. Hakubishana. Alimpa kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti karibu na kompyuta yake.

Nzau akaanza. Niliona midomo yake ikisema ile salamu aliyoifanyia mazoezi. Hakusikika hata neno. Akaisogeza maikrofoni karibu, spika zikalia vuuu, mvua ikazidi. Akajaribu mara nyingine. Mzungu akaweka mkono nyuma ya sikio. Nzau akasimama tu pale, uso umemshuka, na nikajua anasikia nini.

Ndipo mbuzi wakatoweka ukutani. Ukatokea ukurasa mweupe, ule wa pamoja tuliokuwa tukiutumia kupanga vipindi, ambao watu wengi wanaweza kuandika kwa wakati mmoja, kila mtu kwa mashine yake. Herufi zikaanza kutokea, kubwa, moja moja.

*Samahani, hamnisikii. Basi nisomeni.*

Wote tukageuka ukutani. Hodo hakutuangalia, alikuwa ameinamia kibodi.

*Niliishia kwenye miembe. Zizi inaweza kuhesabu chochote ambacho mwenyewe anakijali.*

Nilikimbia na kompyuta yangu hadi mbele, nikakaa sakafuni, nikafungua ukurasa uleule. Chini ya mstari wake nikaandika mstari mmoja wa Kiingereza. Akaandika wa pili, nikaandika wa pili. Mwangangi akapiga magoti kando yangu, akachukua simu ya mwanafunzi, akaanza kuwaandikia wale wazee watatu kwa Kikamba, kwa kidole kimoja, moja kwa kila moja ya Hodo. Hakuongeza kitu. Angeongeza saa ngapi?

Niliomba stima isipotee, na maombi hayo sikuyaonea haya.

Hodo aliandika kwa kasi kuliko anavyosema. Aliandika jinsi Zizi inavyofanya kazi bila mtandao, makosa aliyoyafanya, sehemu ambayo bado inamshinda na anaomba msaada. Wanafunzi wakaingia na simu zao, maswali yakaanza kushuka ukutani, Kiswahili, Kikamba, Kiingereza, na yeye akayajibu yote. Hakuna aliyetoka. Mzungu alikuwa ameacha kujipepea. Nzau alikuwa amerudi kwenye kiti chake, maikrofoni bado mkononi, imezimwa.

Kisha mama mmoja, kiongozi wa wageni, mratibu kutoka Nairobi, akaandika swali kwa Kiingereza. Alimwandikia Nzau, mwenye maikrofoni; nadhani aliwadhania Hodo na yule kijana wa mwaka jana kuwa watu wa timu yake tu. Alitaka kujua yeye na timu yake walianza lini kuijenga Zizi, kwa kuwa wangependa kumwalika mwaka ujao.

Ilikuwa zamu yangu kuliweka kwa Kiswahili. Vidole vilikataa. Nikaliandika lilivyo, jina la Nzau ndani yake, na Hodo akalisoma.

Alitoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Ukutani kile kistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima, na watu wote wakamwangalia Nzau.

Angeweza kuinuka akapunga mkono tu, akatabasamu, akaacha ipite. Mvua ingemfunika. Wageni aliowaogopa miaka yote hii walikuwa wanamwita kwa jina.

Aliinuka. Akaja hadi pale nilipokaa, akachutama, suruali yake nzuri kwenye saruji yenye vumbi, akageuza kompyuta yangu upande wake. Aliandika polepole, kwa Kiswahili.

*Mimi siijui. Muulizeni mwenyewe, ndiye yule amekaa pale.*

Akanirudishia kompyuta, akaenda kusimama ukutani.

Vichwa vyote vikageuka. Hodo alitazamwa na ukumbi mzima, vilevile kama Nairobi, na nikaogopa atakauka. Alikaza kitambaa chake. Akavuta kibodi karibu.

*Naitwa Hodo Abdiwahab. Nilianza mwaka ule mbuzi wa baba walipokufa wote, na tukaulizwa walikuwa wangapi, na baba akashindwa kujibu kwa sababu ya kulia.*

Hilo hakuwa ameniambia hata mimi. Mvua ilikuwa bado inapiga. Nikafuta macho kwa mkono wa sweta, nikaanza kutafsiri.